Mbuzi Asiye na Doa

Asubuhi moja katika soko la mifugo la Garissa nilimpita mbuzi mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa namtafuta yeye. Mara ya pili nilimcheka. Nayasema haya mapema kwa sababu waliokuwapo wamelisimulia jambo hili miaka mingi bila kunishirikisha, na wao husema nilimpita mara tano.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa pwani, na nilipanga chumba katika ua wa mama mmoja wa Kisomali aliyeuza chai karibu na stendi. Ua ulikuwa na vyumba vinne, tangi la maji, mwarobaini mmoja, na baba wa huyo mama mwenye nyumba. Mzee huyo nilimwita adeer kama walivyomwita wote pale. Kwa Kisomali ni baba mdogo, lakini hutumika kwa mzee yeyote unayemheshimu. Yeye aliniita maalim.

Adeer alikuwa na vitu viwili alivyovijali kuliko vyote: ndevu zake na mbuzi wake.

Ndevu alizipaka hina. Wazee wengine hupaka Alhamisi ili Ijumaa waonekane msikitini. Yeye alipaka Jumanne jioni, kwa kuwa Jumatano ndiyo siku ya soko la mifugo, na huko ndiko walikokuwa watu aliotaka wamwone. Alikoroga hina kwa chai ya rangi na ndimu, na tangu nilipoanza kumletea karafuu kutoka kwetu, akawa anazisaga na kuzitia humo. Siku ya Jumatano ungeweza kumfuata kwa pua tu, kama biriani.

Mbuzi alikuwa jike mmoja mweupe, tena mwenye mimba. Zamani, upande wa Modogashe, adeer alikuwa na mbuzi ambao hakuwahi kuwahesabu, kwa kuwa kuhesabu mali ya Mungu kwa sauti si adabu. Ukame ukawapitia. Alikuja mjini juu ya lori la mkaa akiwa na kijike kimoja amekifunga ndani ya kikoi chake. Huyu mwenye mimba alikuwa mjukuu wa kile kijike, na ndiye pekee aliyebaki wa damu ile.

Macho ya adeer yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Aliona mwanga na vivuli. Mbuzi wake alimjua kwa mkono na kwa sauti, na mbuzi naye alimjua vivyo hivyo. Sisi wengine tulikuwa vivuli kwa wote wawili.

Jumatano hiyo ilianza vizuri. Ilikuwa likizo, nimekaa nje ya chumba changu na chai, nikamsikia adeer akimsifu binti yake.

"Leo umefanya vizuri. Umeosha bakuli yangu ya hina kabla ya alfajiri. Jana niliacha nusu."

Binti yake, ambaye kwa kawaida hakuacha jambo lipite bila jibu, alisema tu, "Alhamdulillahi." Nililiona hilo. Nina tabia ya kuona vitu vidogo na kuviweka akilini kwa mpangilio, ila si wakati wote ninajua ni vya nini.

Dakika tano baadaye adeer aliita mbuzi wake. Hakuna aliyeitika.

Binti yake alitoka hadi kwenye lango la ua, akainama na kusoma mchanga kama mimi ninavyosoma daftari la mahudhurio. Aliporudi alikuwa ameshika kiuno. Kiswahili chake, kama cha baba yake, mara nyingi kiligeuza p kuwa b na v kuwa f.

"Lango lilikuwa wazi. Kundi la mbuzi limebita hapa alfajiri, linaenda soko. Na yeye amefuata. Ameenda na wageni bila hata kuaga."

Hakuna aliyecheka. Mbuzi wanaofika soko la Jumatano hununuliwa asubuhi, na adhuhuri malori huondoka nao kwenda Nairobi. Kule hawaendi kutembea.

Adeer alitaka kwenda mwenyewe. Binti yake alikataa katakata. Soko lina ngamia, alisema, na ngamia hamuulizi mtu kama anaona. Yeye mwenyewe alikuwa na wateja kumi wanaosubiri chai. Wote wawili wakanigeukia. Adeer aligeukia tangi la maji kwanza, halafu akarekebisha.

"Maalim. Wewe uko na macho mbili, na leo haina kazi. Leta daftari."

Nikaleta. Nikapiga mstari wa pembeni. Adeer akafumba macho yake yasiyoona, akaanza kumtazama mbuzi wake ndani ya kichwa.

"Andika moja. Yeye ni mweube. Hana doa. Hata doa moja, hata ndogo kama siafu, hana."

Niliandika: *Moja. Mweupe. Hana doa.* Nikapigia mstari chini.

"Mbili. Bembe ya kushoto imerudi nyuma kidogo, kama mtu ameitwa njiani. Tatu. Sikio ya kulia iko na mkato mdogo, alama ya ukoo yetu. Nne. Anatembea kama bibi harusi amevaa fiatu mpya."

"Viatu vya kisigino, adeer?"

"Fiatu ya kubana. Andika."

Aliendelea. Namba tano ilikuwa mkia, sita kwato, saba upana wa paji la uso, ambao alinionyesha kwa vidole viwili juu ya paji langu. Nane na tisa zilihusu kiwele, na hapo nilitazama pembeni. Namba kumi ilikuwa, "Anadharau."

"Anadharau nini?"

"Watu. Na kumi na moja, akikutazama unajua umekosa, lakini hakuambii kosa."

Nilifunga daftari nikiwa na uhakika kamili. Sijawahi kuwa na orodha nzuri kama ile. Nilipofika langoni binti yake akanifuata mbio.

"Maalim, ukibita kwa wauza fyombo, niangalie birika ya blastiki, ya kutilia udhu. Yangu imebasuka. Iwe kijani. Kijani kama ya jirani, si ile ingine."

Nikasema sawa. Sentensi ile ndogo ndiyo iliyoniharibia nusu ya asubuhi.

Nimekuja kuamini kwamba jicho lina mfuko, na mfuko huo ni mdogo sana. Kichwani unaweza kuweka orodha ya alama kumi na moja, hata ishirini, na ukimwambia mtu asome atakusomea zote. Lakini jicho linapotoka kwenda kutafuta, halibebi orodha. Hubeba kitu kimoja, au viwili, na chochote kinachofanana na kilichomo mfukoni hulivuta jicho kama mtoto anavyovuta kanga ya mama yake. Kisichofanana hakipo. Kinaweza kusimama mbele yako kikitafuna.

Nilifika sokoni na mfuko wa jicho langu ulikuwa na vitu viwili: *hana doa*, na *kijani*.

Mbuzi wa upande ule, kwa taarifa ya asiyewajua, karibu wote ni weupe. Soko zima lilikuwa jeupe na linalia. Nilisimama pale nikafungua daftari, nikasoma namba mbili, pembe ya kushoto, nikainua macho, na kabla macho hayajamfikia mbuzi hata mmoja yalikuwa yameshatua juu ya turubai la kijani la lori. Nikasoma tena. Nikainua tena macho. Yakaenda kwenye kikoi cha kijani cha mtu aliyekuwa akipatana bei ya ndama. Halafu kwenye mafungu ya miraa. Halafu kwa mzee aliyechutama nyuma ya ukuta akitawadha, na birika lake, Mungu anisamehe, lilikuwa la kijani kama la jirani kabisa. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa kumtazama mtu anayetawadha.

"Wariya, wewe bwana," akasema bila kugeuka, "unataka maji au unataka mguu?"

Nikasogea. Nikajilazimisha kuiacha kijani. Ikabaki *hana doa* peke yake, na hapo kazi ikaenda kwa kasi, kwa sababu ni rahisi sana kumkataa mbuzi. Mwenye doa la kahawia shingoni, si yeye. Mwenye soksi nyeusi, si yeye. Mwenye tope, nikasita, nikampangusa kwa leso yangu, likatoka, nikamshika sikio la kulia. Halina mkato. Mwenye mbuzi akaja.

"Wewe nanunua sikio au nanunua mbuzi?"

"Natafuta mbuzi wa mzee mmoja."

"Basi tafuta kwa macho. Mkono ni ya kulia chakula."

Karibu na lori la turubai la kijani palikuwa na mbuzi waliokwisha kununuliwa, wamefungwa kamba kwa mistari. Mfanyabiashara wao, mtu mrefu mwenye miwani ya jua, alikuwa na desturi ya wanunuzi wote: kila mbuzi aliyemnunua alipakwa rangi ili asichanganyike na wa mtu mwingine. Wake walipakwa rangi nyekundu kichwani. Mpakiaji wake, jamaa mmoja mwenye mabega mapana, alipita kati ya makundi akikusanya kila kichwa chenye wekundu.

Hapo ndipo nilipompita mara ya kwanza. Niliona mbuzi mweupe na kitu cha rangi ya machungwa kidevuni. Jicho likasema *doa*, likaondoka. Sikumaliza hata kumwona.

Mara ya pili nilisimama kidogo, kwa kuwa ndevu zake zilikuwa zimekolea hasa, rangi ya machungwa yaliyoiva, na chini yake uso uliojaa heshima.

"Huyu naye ametoka hija," nikamwambia mpakiaji, nikacheka.

Mpakiaji hakucheka. "Maalim, huyu iko na rangi. Ni yetu." Akamvuta kwa kamba.

Yule mbuzi alinitazama. Nakumbuka vizuri kwamba nilihisi nimekosa, na kwamba sikujua kosa langu ni nini. Nikaondoka nikaendelea kutafuta.

Mara ya tatu nilikuwa nimepiga magoti nikichunguza pembe ya jirani yake, na yeye akawa anakula ukingo wa daftari langu. Alikula namba tisa, kumi na kumi na moja. Nikamsukuma kwa kiwiko.

Kurudi nyumbani nilipita kwa wauza vyombo, na birika nikalipata.

Adeer alikuwa amekaa chini ya mwarobaini na fimbo magotini. Nilitoa ripoti yangu kwa mpangilio: nilianzia mashariki, nikamalizia magharibi, weupe wasio na doa walikuwa kadhaa, wote nimewakagua masikio, hakuna mwenye mkato. Binti yake akaja mbio kutoka kwenye chai.

"Umembata?"

"Sikumpata. Lakini birika…"

Akalipokea, akaligeuza mkononi. "Nimekutuma mbuzi, umeleta birika. Na hii si kijani ya jirani."

"Ni ileile."

"Ya jirani ni kijani. Hii ni kijani kijani."

Adeer aligonga fimbo chini mara moja, nasi tukaacha. Halafu akasema polepole, bila kunilaumu, "Maalim, yule akibanda lori, mimi ni mzee tu anakaa kwa nyumba ya binti. Nikiwa na yeye, mimi ni mtu ya mifugo, bahati mbaya tu imenileta mjini. Unaelewa?"

Nikasema ninaelewa. Akasimama. Binti yake akautazama uso wa baba yake. Akaenda barabarani akamsimamisha muuza maji mwenye mkokoteni wa punda, akamwamuru ashushe madebe. Tukampandisha adeer. Nikapanda nyuma yake na daftari lililoliwa pembe moja.

Tulifika lori likiwa linapakiwa. Nusu ya mbuzi walikuwa juu, nusu kwenye ubao wa kupandia. Adeer alishuka, akaegemea fimbo, wala hakugeuza kichwa huku na huku kama nilivyofanya mimi tangu asubuhi. Alibana ulimi kwenye meno, akatoa mlio, kitu kati ya kubusu na kuvunja kijiti.

Kelele za soko zikaendelea. Akatoa tena.

Kutoka juu ya lori, katikati ya vichwa vyekundu, sauti moja ikaitika kwa hasira, kama mtu aliyesubirishwa.

"Huyo," akasema adeer.

Nikapanda gurudumu nikachungulia. "Hapana, adeer. Huyo ana doa. Ndiye nimemwona tangu asubuhi."

"Mimi sijakuuliza doa. Mimi nasema huyo."

"Lakini namba moja…"

"Mshushe!"

Mpakiaji akakataa. Mfanyabiashara akaja, akaondoa miwani kwa heshima ya mzee, akamsalimu vizuri, kisha akakataa pia. "Adeer, mbuzi zangu ziko na alama nyekundu kichwa. Huyu iko na alama kichwa. Imeteleza kidogo, imeenda kwa kidevu, lakini ni rangi."

"Alama gani ya kidevu?" adeer akauliza.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyemwambia. "Ndevu zake, adeer. Zina rangi ya machungwa. Zimekolea hadi puani."

Mkono wa adeer ulipanda taratibu, ukashika ndevu zake mwenyewe.

"Bakuli," akasema. "Ile nusu. Yule binti hakuosha bakuli! Yule binti amebokea sifa ya mbuzi!"

Watu walianza kukusanyika, kwa kuwa sokoni ugomvi wa mbuzi mmoja huwavuta watu kuliko mauzo ya mia. Wakamwita dalali mkuu, mtu mnene mwenye kofia iliyofumwa na sauti ya mwadhini, ambaye hukumu yake hukubaliwa na pande zote. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Mkato wa sikio ulipapaswa, lakini mfanyabiashara akasema ukoo ule una masikio mengi sokoni, na hilo nalo lilikuwa kweli.

"Nani kachanganya hii hina?" dalali akauliza.

"Mimi," akasema adeer. "Chai, ndimu, na karafuu ya maalim."

"Karafuu?"

"Kutoka kwetu," nikasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nikahisi nina faida.

Dalali akainua mkono watu wanyamaze. Akamshika mbuzi mmoja wa mfanyabiashara, akainama, akanusa paji la uso. "Rangi na mafuta ya taa," akatangaza. Akamshika mwingine. "Mafuta ya taa." Mbuzi wa ndevu akashushwa. Dalali akapiga goti moja, akaweka pua kwenye kidevu chake. Mbuzi akamdharau waziwazi. Dalali akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

Kisha akasimama, akamwendea adeer. "Kwa ruhusa yako, mzee wangu."

Adeer akainua kidevu kwa heshima kubwa, kama mtu anayepimwa joho. Dalali akanusa ndevu zake. Akarudi kwa mbuzi, akanusa. Akarudi kwa adeer. Hata mfanyabiashara alikuwa ameinama kidogo na pua mbele.

"Wallahi," akasema dalali, "hizi ndevu zimetoka bakuli moja."

Kicheko kilichofuata kiliwatisha ngamia. Mtu akapiga kelele, "Ni ndugu wa damu!" na mwingine, "Angalia, hata wanafanana!" Mpakiaji alicheka hadi akakaa chini kwenye ubao. Mfanyabiashara akafuta machozi, akarudisha miwani, akamkabidhi adeer kamba kwa mikono miwili.

"Mimi nilisema kusanya nyekundu," akamwambia mpakiaji.

"Na mimi nilikusanya nyekundu," akajibu mpakiaji, na alikuwa na haki. Alikuwa ametafuta kwa uaminifu kama nilivyotafuta mimi. Mfuko wake ulikuwa na nyekundu, wangu ulikuwa na weupe. Kati yetu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuweka mbuzi.

Tulirudi kwa mkokoteni, mbuzi katikati. Njiani adeer alimpapasa mgongo, tumbo, mkono ukasimama kwenye tumbo kwa muda, akatikisa kichwa kwa shukrani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, muuza maji asisikie.

"Maalim, sema kweli. Rangi yake imeshika kuliko yangu?"

Niliwatazama wote wawili. "Imeshika zaidi, adeer."

"Kwa nini?"

"Wewe unaosha baada ya saa moja. Yeye amelala nayo usiku kucha."

Akatafakari hadi langoni.

Jumanne iliyofuata alikaa chini ya mwarobaini na bakuli lake. Alijipaka, akafunga kitambaa kidevuni ili alale nayo. Halafu akamvuta mbuzi kwa pembe ile iliyoitwa njiani, akampaka kwa makusudi, taratibu, nywele moja moja.

"Adeer, lakini wewe unamjua hata gizani."

"Mimi namjua. Yeye ananijua. Hii ni ya wewe." Akafuta vidole. "Leta daftari. Futa namba moja."

Nikaifuta. Nikaandika: *Moja. Ndevu nyekundu.* Akaniambia namba nyingine niziache, hata zilizoliwa, sina haja nazo.

Mbuzi alizaa baada ya wiki chache, pacha, majike wawili. Adeer aliwapapasa masikio, kwato, upana wa paji kwa vidole viwili, akashukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaniuliza wana rangi gani.

"Weupe, adeer. Wote wawili. Hawana doa."

"Basi wewe utawapoteza," akasema, na akamwita binti yake amtafutie bakuli kubwa zaidi la hina.